Alinifundisha Kupumua Upande Mmoja

Nina miaka ishirini na saba, sijaoa, na ninaishi nyuma ya nyumba ya dada yangu hapa Juba, karibu na soko la Konyo Konyo. Wasomaji wenzangu, mimi ni mtu wa mkeka. Nikishapata chai na redio, mji mzima unaweza kuhama, nami nitasikia habari zake jioni. Basi mtu kama mimi alitafuta nini ndani ya mto Nile, akiwa na chupi tu, mbele ya baba wa mchumba wake?

Nisikilizeni...

Tulirudi kutoka Uganda baada ya amani, mimi na Kenyi, mtoto wa mama yangu mdogo. Ukimbizini tulikula sahani moja, tukalala blanketi moja. Mimi nilibahatika kusoma sekondari ya misheni iliyokuwa na bwawa la kuogelea. Michezo mingine yote niliikimbia, lakini huo niliupenda, maana ndani ya maji mtu analala! Kenyi alijifunza hapa hapa mtoni tuliporudi, kichwa juu kama bata.

Nilimpenda Keji, naye alinipenda. Lakini baba yake alisema wazi kwamba binti yake hataolewa na mkeka. Nipate kazi kwanza. Kazi! Juba ilikuwa imejaa waliorudi kama mimi, kila mmoja na cheti chake mfukoni.

Ndipo ofisi moja ya maboti ikatangaza nafasi moja ya kudumu. Walioitaka walikuwa wengi mno, basi mkubwa wa pale akaamua tushindane kwa kuogelea, kutoka gati la meli kuteremka na mto hadi mahali kina mama wanapofulia. Wa kwanza achukue kazi.

Nilitaka kukataa. Nilikuwa na sababu nzuri: mamba, matope na uvivu. Lakini kabla sijafungua mdomo, Kenyi alikuwa ameshautangazia ua mzima kwamba bingwa wa sekondari ataingia majini. Dada akapiga vigelegele. Keji akamwambia baba yake, naye akaahidi kuja kujionea. Ningetokea wapi tena?

"Mimi staki hii kazi," Kenyi aliniambia. "Wewe ndio iko na bibi ya kuoa. Mimi nitakufundisha tu. Mafi mushkila, hakuna shida!"

Akanifundisha kweli, sitamsingizia. Kila asubuhi alinipeleka kwenye dimbwi kubwa lililoachwa na mafuriko, maji yametulia kama chai iliyosahauliwa. Alisimama ukingoni na fimbo ndefu. Kiwiko juu! Kiganja kiingie mbele ya bega! Miguu ipige kutoka nyongani, wewe si chura! Uso ukae chini, kidevu kigeuke tu kuvuta pumzi.

Jambo moja alilibadilisha. Shuleni nilizoea kupumua pande zote, mara kulia, mara kushoto. Kenyi akasema kushoto kunanipunguzia mwendo. Kila nilipogeukia huko, fimbo ilinigonga kisogo. Kulia tu! Na kweli, nikaona naongeza kasi... Akanikataza pia kwenda mtoni, eti wapinzani wasije wakaiba mtindo wangu. Mtu wa mkeka akikatazwa kutembea, atauliza kwa nini?

Siku ikafika. Keji alikuja na gauni la njano, baba yake na kiti chake cha kukunja. Nikavua shati nimpe Kenyi anishikie... nikamkuta naye anavua lake!

"Kenyi! Wewe naenda wapi?"

"Naogelea kidogo," akasema bila kuniangalia. "Kukusindikiza tu, ya zol, ndugu yangu."

Firimbi ikalia.

Jamani, niliogelea! Niliwaacha wote. Kila nilipogeuza kidevu niliona maji ya kahawia na nyasi za mbali. Chini, matope matupu. Bwawani kulikuwa na mstari mweusi wa kunionyesha njia. Nani amechora mstari chini ya Nile? Nikasikia kelele za watu zinapungua, nikajisifu kwamba wameduwaa. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa naondoka! Mkono ulipogonga kitu, nikasimama na kupunga, mshindi...

Nilikuwa kwenye matete ya kisiwa, katikati ya mto!

Ng'ambo walikuwa wanashangilia. Nikaona Kenyi anainuliwa mabegani. Nikaona gauni la njano linasogea kuelekea kwake. Niliita mpaka sauti ikakauka. Kurudi sikuweza, mikono imekufa na mkondo unakimbia. Nikakaa matopeni, mbu wananifaidi, naangalia maisha yangu anapewa mtu mwingine, pale pale machoni, wala siyafikii!

Nikaujaribu ule mtindo nikiwa nimekaa vile vile. Nikaelekeza uso kule maji yanakokwenda, nikageuza kidevu kulia. Matete. Nikageuza kushoto. Juba yote, gati, watu, Keji... vyote vilikuwa kushoto kwangu. Nililia kama mtoto.

Alasiri mama mmoja muuza mboga akanipitia na mtumbwi. "Na wewe ni mboga gani?" akauliza. Akanivika gunia, tukashuka Konyo Konyo mbele ya soko zima.

Nilimkuta Kenyi anakula kuku ambaye dada alinichinjia mimi. Nikamwuliza kama alijua. Akamaliza kutafuna kwanza.

"Mimi nilikuambia pumua kulia," akasema. "Wewe hukuuliza Juba iko upande gani."

Mnadhani yaliishia hapo? Baadaye Kenyi akataka kuoa, na mnajua alimtaka nani. Kwetu mtu hajiposei, husemewa na ndugu mkubwa. Na ndugu mkubwa wa Kenyi ni nani? Ni mimi! Ningekataa, ukoo mzima ungeniita mwenye kijicho. Basi nikavaa suruali yangu nzuri, nikaketi pale pale nilipoota kuketi kwa ajili yangu. Keji akaleta chai bila kuinua macho.

Mzee akauliza kama ndugu yangu ana kazi ya kudumu. Nikasema anayo. Akauliza kama maji anayajua.

"Anayajua, baba," nikajibu. "Ndiye aliyenifundisha mimi."

Ua mzima ukacheka mpaka machozi. Nami nilikuwa na machozi...

Sasa Kenyi na Keji wanaishi nyuma ya ukuta wa matete, hatua chache kutoka mkeka wangu. Redio yao ni kubwa kuliko yangu.

Wasomaji wenzangu, nawasihi, anayejitolea kukufundisha, muulize yeye mwenyewe anataka nini. Na mto utakaouingia, nenda ukauone kwanza kwa macho yako! Inua kichwa, hata kama mwendo utapungua.

Siku hizi narudi mara moja moja kwenye lile dimbwi. Nageuza kidevu kulia, kisha kushoto. Kushoto bado nasita... shingo inangoja fimbo.