Ukijikuna, Nitamwita Baba

Majirani wa Zenon pale Kasense hawakuhitaji kalenda. Wakisikia Rozina analia kama anachinjwa, walijua leo ni Jumamosi na kesho ni misa.

Rozina alikuwa na miaka mitatu. Maneno yake yalikuwa mengi kuliko ya dalali wa mnadani, lakini ngozi yake ilimtesa. Nyuma ya magoti, kwenye mikunjo ya mikono na shingoni, ngozi ilikuwa kavu, ngumu, imejaa mikwaruzo. Ilimwasha akicheza, ilimwasha akilala. Kipindi hiki cha upepo baridi, mambo yalizidi kuwa mabaya.

Kila Jumamosi jioni bibi yake, Avelina, alichemsha maji. Yalibaki kidogo tu yafae kunyonyolea kuku. Ndani yake alitia dawa ya kuulia vijidudu, ile inayogeuza maji kuwa meupe. Bertilla, mama yake Rozina, alishika dodoki na kipande cha sabuni ya kufulia. Nia yao ilikuwa njema. Hawakutaka watu kanisani waseme mtoto ana upele.

"Baba Rozina," Bertilla aliita. "Njoo umshike."

Zenon aliacha ulezi aliokuwa anaupura uwanjani. Kazi yake ilikuwa kushika tu. Alishika mikono ya mtoto kwa viganja vyenye sugu, huku Bertilla anasugua.

"Tulia mwanangu. Tunakusaidia," Zenon alisema.

Rozina alimng'ata.

"Ana meno mazuri huyu," Zenon alisema. "Atakula mahindi ya kuchoma mpaka uzeeni."

Baada ya maji ilikuja vaselini. Kwa baridi ya Sumbawanga, ilikuwa imeganda kama mshumaa. Bertilla aliichimba kwa kidole, akaipaka hivyo hivyo. Kisha Rozina akavishwa sweta la sufu alilofumiwa na bibi, bila kitu ndani, akawekwa karibu na moto. Joto likapanda, sufu ikachoma, na mtoto akaanza kujikuna upya.

"Umeanza tena?" bibi alisema. "Ukijikuna, nitamwita baba."

Rozina akaficha mikono chini ya makalio.

Kesho yake kanisani walikaa benchi moja. Rozina alikuwa kwenye mapaja ya mama yake. Ukafika wakati wa kupeana amani. Watu waligeukiana, wakashikana mikono, wakatabasamu. Zenon naye aligeuka, akamnyooshea mkono binti yake.

Rozina alikuwa anajikuna shingo. Alipouona ule mkono, akaruka.

"Baba, usinishike. Sijajikuna. Baba, usinishike."

Alipiga kelele mpaka kwaya ikaacha kuimba. Kanisa zima likageuka. Mkono wa Zenon ulibaki hewani kama wa mtu anayeomba lifti. Mama mmoja wa benchi la mbele alimvuta mwanawe karibu. Mwingine alimtazama Zenon kama anayetazama nyoka aliyemkuta kwenye debe la maharage.

Njiani kurudi nyumbani, karibu na mji wao, Zenon alisimama.

"Watu wanafikiri nampiga," alisema.

"Hujawahi kumpiga," Bertilla alijibu.

"Mimi najua. Wewe unajua. Yeye je?"

Bertilla alimweka Rozina vizuri mgongoni.

Mchana huo walipata wageni. Mmoja alikuwa mzee Polikarp, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa. Mwingine alikuwa Nadhira, nesi wa zahanati anayekaa mtaa wa Izia.

"Shikamoo mzee," Zenon alisema.

"Marahaba. Zenon, mimi si polisi."

"Karibuni."

"Lakini nimekuja na nesi."

Zenon alielewa. Walikuja kumkagua mtoto. Akakaa kwenye gogo.

Nadhira alimwamkia bibi Avelina, akakaa chini kwenye mkeka. Rozina alikuwa amejibanza nyuma ya bibi. Nesi hakumwita. Alichukua gunzi la mahindi, akalifunga kitambaa, akaanza kuzungumza nalo.

"Na wewe unawashwa? Wapi? Hapa?"

Rozina alitoa jicho moja. Kisha la pili.

"Anawashwa hapa," alisema, akaonyesha mkunjo wa mkono wake mwenyewe.

"Maskini. Naomba nione." Nadhira alisubiri. Rozina mwenyewe ndiye aliyepandisha mkono wa sweta.

Juu ya kiwiko kulikuwa na alama za vidole. Zilikuwa nne, zimejipanga vizuri, nene. Mzee Polikarp alikohoa. Zenon aliangalia zile alama, kisha akaangalia vidole vyake.

"Ni vyangu," alisema taratibu. "Namshika akioga. Mungu wangu, sikujua vinaacha alama."

Nadhira aliangalia ngozi, shingo na magoti. Akauliza jinsi wanavyomwogesha. Wakamweleza yote: maji, dawa, dodoki, vaselini.

"Mzee Polikarp ameniambia mtoto alisema 'sijajikuna'," nesi alisema. "Akijikuna, huwa mnamwambia nini?"

Bertilla alimtazama mama mkwe wake. Mama mkwe akatazama moto.

"Tunamwambia tutamwita baba," bibi alisema hatimaye.

"Na baba akija?"

"Anamshika. Tunamsugua."

Zenon alifunika uso kwa viganja. Miezi yote hii alidhani anamtibu mwanawe. Kumbe mtoto alikuwa anahesabu kwamba anaadhibiwa.

"Hapa hakuna mtu mbaya," Nadhira alisema. "Niliposikia ya leo nilishtuka hata mimi. Lakini mtoto wa miaka mitatu hajui dawa. Anajua maumivu, na nani ameyaleta. Huu unafanana na ugonjwa unaoitwa pumu ya ngozi. Kesho mleteni zahanati, daktari amwone."

Mzee Polikarp aliuliza, "Unaambukiza?"

"Hauambukizi. Wala si uchafu, wala si kurogwa. Wewe mzee ulimpa mkono leo kanisani?"

"Sikumpa."

"Basi mpe sasa."

Mzee alinyoosha mkono. Rozina aliutazama, akampa gunzi alishike.

"Tufanye nini basi akiwashwa?" Bertilla aliuliza. "Tumuache?"

"Hapana. Ngozi yake ni kama ukuta wa udongo wenye nyufa. Maji yanatoka, vumbi linaingia. Mafuta yanaziba nyufa. Maji ya moto, dodoki na sabuni kali vinaongeza nyufa. Hiyo dawa ya kuulia vijidudu iacheni, inamchoma."

"Maji ya baridi huku kwetu?" bibi aliruka. "Unataka afe kwa nimonia?"

"Bibi, nimesema vuguvugu. Weka kiwiko chako. Usipohisi moto wala baridi, yanafaa. Aoge kila siku, kwa muda mfupi, kwa sabuni isiyo na manukato. Mkaushe kwa kumgusagusa na kanga laini, usimfute. Kabla ngozi haijakauka kabisa, mpake mafuta mazito yasiyo na manukato. Asubuhi mpake tena. Mafuta yakiganda, weka kopo ndani ya maji ya vuguvugu kwanza."

"Na sweta langu?"

"Zuri sana. Ila ndani yake avae fulana ya pamba. Na asiwe jirani na moto kama mkate unaokaushwa."

Bibi alicheka kwa pua.

"Kuhusu kujikuna," nesi aliendelea, "msimgombeze. Mwambieni abonyeze panapowasha kwa kiganja, au mpeni mikono kazi nyingine. Kucha ziwe fupi. Na mafuta yasiwe adhabu tena. Mpake akiwa ametulia, siyo pale tu anapojikuna. Mwambie kabla ya kumgusa. Mwache achague: tuanze mguu au mkono? Akisema basi, simama apumue, halafu uendelee. Na jina la baba msilitumie kutisha."

"Mimi nifanye nini?" Zenon aliuliza.

"Wewe usimshike kabisa kwa sasa."

Zenon aliinamisha kichwa.

"Ila unaweza kupakwa," nesi aliongeza. "Mwache yeye akupake wewe."

Siku iliyofuata daktari alithibitisha kuwa ni pumu ya ngozi. Aliwapa dawa ya kupaka sehemu zilizovimba tu, kwa muda aliosema yeye. Aliwaonya wasinunue krimu za madukani kwa kubahatisha. Nyingine zina dawa kali, zinang'arisha siku za kwanza kisha zinaiharibu ngozi.

Jioni Bertilla aliweka beseni. Rozina alipoliona tu, akakimbia nyuma ya nyumba. Bertilla hakumkimbiza. Aliliogesha gunzi, akaliuliza kama maji ni mazuri. Rozina akarudi kuchungulia. Siku hiyo aliosha miguu tu. Wakamsifu kana kwamba ameoga ziwa zima.

Kisha ikaja zamu ya Zenon. Alikaa chini, akavua shati, akatetemeka kwa baridi. Bertilla alimpa Rozina kopo lenye mafuta yaliyolainika. Mtoto alichota kwa mkono mzima, akampaka baba yake puani, sikioni na kwenye ndevu.

"Umemaliza?" Zenon aliuliza.

"Bado."

"Nasikia baridi, mama."

Alijisogeza kidogo. Rozina alimnyooshea kidole chenye mafuta.

"Tulia. Ukijitikisa nitamwita baba."

Bertilla alianza kucheka, akaacha. Zenon alimgeukia mtoto.

"Baba si ndiye mimi?"

"Hapana," Rozina alisema. "Yule mwingine. Wa kushika."

Bibi Avelina alitoka nje, akijifanya anakwenda kufungia kuku waliokwisha kufungiwa. Zenon hakujitikisa tena. Alipakwa mpaka mafuta yakafika kiunoni.

Haikuwa rahisi. Kuna jioni Rozina alikataa kila kitu, wakaambulia kupaka mkono mmoja. Kuna mchana bibi alimwona anajikuna, akaanza, "Ukijikuna, nitamwi..." Akakumbuka. "Nitamwita paka aje akuone," alimalizia. Rozina alicheka mpaka akasahau kujikuna.

Taratibu mikwaruzo ilipungua. Alianza kulala bila kuamka kujikuna. Alijifunza kupaka miguu yake mwenyewe. Mama na bibi walimalizia mgongo. Zenon hakuigusa kazi hiyo. Alikaa pembeni akipakwa jioni baada ya jioni, mpaka viganja vyake vikalainika. Rafiki zake walimtania kwamba sasa anang'aa kama bibi harusi. Aliwaacha wacheke. Kilichomuuma ni kwamba bado binti yake alimpaka kwa mbali, amenyoosha mkono, tayari kukimbia.

Upepo ulipozidi, ugonjwa ulirudi kwenye magoti. Nesi alikuwa amewaambia kwamba huwa unaondoka na kurudi. Safari hii hakuna aliyeogopa. Waliendelea na mafuta, wakarudi zahanati kwa dawa.

Siku moja jioni Zenon alitoka shambani amechoka, mikono imejaa udongo. Alikuta Rozina ameshaoga, amekaa mkekani na kanga yake. Bertilla alikuwa ameshachota mafuta.

"Tuanze mguu au mgongo?"

"Mgongo," Rozina alisema. "Lakini siyo wewe."

"Nimwite bibi?"

Rozina alitikisa kichwa. Akamtazama baba yake, aliyekuwa anapita pembeni, mbali kama ilivyo kawaida yake.

"Baba apake."

Zenon alisimama. Alimtazama mke wake, kama anayeuliza kama amesikia vizuri. Bertilla alimnyooshea kopo. Zenon akapiga magoti haraka, akanyoosha mikono.

Rozina akairudisha kwa kiganja kimoja.

"Hiyo michafu," alisema. "Kaoshe kwanza. Mimi nakusubiri hapa."