Mfuko wa Uzi wa Kijani

Haya yalimpata jirani yangu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Raïssa, fundi cherehani kutoka Bukavu.

Cécile, binti yake wa pekee, aliposhikwa na homa, Raïssa alikuwa na nauli ya hospitali tu. Akaipeleka kanisani, akaipanda kama mbegu.

"Mungu atakurudishia," mchungaji alimwambia.

Siku ya tatu Cécile akafa. Tulimzika na gauni jekundu aliloshonewa na mama yake. Mfuko wa gauni hilo ulishonwa kwa uzi wa kijani, maana mwekundu ulikuwa umeisha.

Juzi Raïssa alienda Lilongwe, Old Town, kununua uzi. Alikuwa ndani kabisa ya duka umeme ulipokatika. Gizani, karibu na goti lake, mtoto akakohoa.

"Cécile? Ni we?"

Kitu kikawekwa kiganjani mwake. Umeme uliporudi, alikuwa peke yake, ameshika mfuko mwekundu wa gauni, ulioshonwa kwa uzi wa kijani. Ndani mlikuwa na nauli ile ile.

Kanisani banaimba, banasema Mungu amerudisha. Raïssa haimbi. Jana alininyooshea ule mfuko.

"Gusa, Annie. Homa haiyashuka."

Nikagusa. Ulikuwa wa moto.