Chupa Tatu na Mwaka wa Uongo

Kila Alhamisi asubuhi, kabla hajavaa sare za shule, Chiriku alikuwa na safari yake. Alichukua chupa tatu tupu za kioo, akazifuta mpaka zikang'aa, kisha akatoka nazo mbio. Ya kwanza aliijaza kwenye bomba la sokoni, ya pili kwenye bomba la zahanati, na ya tatu kwenye bomba la nyuma ya shule, ambalo mpira wake wa kuleta maji ulipita kando ya mtaro wa maji machafu. Akirudi, alizipanga chupa juu ya ukuta wa ua, akaomba simu ya mama yake, akazipiga picha.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Waliomwita hivyo walikuwa na sababu: mdomo wake haukujua kupumzika. Hata akipiga mswaki alikuwa akisimulia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu darasa lao lianzishe Kikundi cha Maji, yeye ndiye aliyekuwa mtunza kumbukumbu. Chini ya kila picha aliandika tarehe, rangi ya maji, na idadi ya wanafunzi waliokosa shule wiki hiyo kwa kuumwa tumbo.

Simu ya mama ilikuwa ya zamani na nafasi yake ndogo kama mfuko wa shati la mtoto. Kwa hiyo kila picha ikishaingia kwenye akaunti yake ya mtandaoni, Chiriku aliifuta simuni. Kazi ya wiki tisa ilikuwa huko kwenye mtandao, wala si mahali pengine.

Alhamisi hii ilikuwa ya kumi na ya mwisho. Jumatatu bwana afya angefika shuleni kukisikiliza Kikundi cha Maji na kuona picha hizo.

"Fanya upesi, mwanangu, simu nina kazi nayo," mama alisema kutoka jikoni. Alikuwa mkunga. Wajawazito wa mtaa mzima na wa mitaa ya jirani walikuwa na namba yake, na simu ile haikuzimwa hata siku moja.

"Dakika moja tu, mama."

Chiriku alifungua akaunti. Badala ya picha zake akakuta ukurasa mtupu wenye maandishi mekundu:

"Akaunti hii imefungwa. Inaonekana mwenye akaunti hajafikisha umri unaoruhusiwa. Thibitisha umri wako. Zimebaki siku nne. Baada ya hapo, kila kilichomo kitafutwa."

Alibonyeza tena na tena, ukurasa haukubadilika.

Sababu aliijua. Alipoifungua akaunti hiyo mwaka uliopita, mtandao ulimwuliza mwaka wa kuzaliwa, naye akaandika wa kweli. Ukamkatalia: walio chini ya miaka kumi na mitatu hawaruhusiwi. Hakuvunjika moyo. Alirudi nyuma, akaandika mwaka mwingine, na kufumba na kufumbua mtoto wa miaka kumi na mmoja akawa mwanamke wa miaka ishirini na minne. Hakuna aliyemwuliza swali. Mpaka Ijumaa iliyopita, furaha ilipomzidi, akaandika kwenye ukurasa wake kwa herufi kubwa: "Leo nimetimiza miaka kumi na miwili! Zawadi ziko wapi?"

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa.

"Vipi, picha zimeingia?" mama aliuliza.

"Zimeingia," alijibu Chiriku. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Shuleni alimvuta pembeni rafiki yake, Miwani, mwenyekiti wa kikundi. Miwani hakuwa msichana wa maneno mengi. Mdogo wake alikuwa amelazwa siku sita kwa kuhara, akatoka hospitali amekonda, shingo kama ya kifaranga. Bomba alilozoea kunywa lilikuwa lile la nyuma ya shule.

"Usinitanie," alisema Miwani.

"Sikutanii. Imefungwa yote."

"Basi mwambie mwalimu."

"Nikimwambia, atauliza kwa nini imefungwa. Na mama akijua nilidanganya umri, simu nitakuwa naisikia ikilia kwa jirani tu."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa sketi, akaivaa tena. "Nakupa mpaka Jumamosi jioni. Usiposema wewe, nitasema mimi."

Kipindi cha sayansi kilipoanza, mwalimu aliuliza mbele ya darasa zima, "Mtunza kumbukumbu, picha ziko tayari?"

"Ziko tayari, mwalimu." Miwani alitazama dawati lake. Huo ukawa uongo wa tatu wa Chiriku.

Siku iliyofuata Chiriku alirudi nyumbani akiwa na mpango. Mama alipoingia kuoga, alifungua mkoba wake, akatoa kitambulisho, akakipiga picha na kuituma kwenye ule mtandao. Maji yalikuwa bado yanamwagika bafuni majibu yalipofika: "Kitambulisho hakilingani na jina wala mwaka uliosajiliwa. Umebakiwa na nafasi moja."

Alikirudisha kitambulisho mkobani. Kabla mama hajatoka, aliingia kwenye uwanja mmoja wa maswali mtandaoni, akaandika: "Nani anajua kufungua akaunti iliyofungwa kwa sababu ya umri? Naomba msaada haraka." Akaweka na namba ya simu ya mama.

Jumamosi asubuhi msaada ukaja. Mama alikuwa uani akianika nguo, na simu ilikuwa mezani, ndani. Mtu aliyejiita Fundi Akaunti alituma ujumbe.

"Pole sana, mdogo wangu. Hiyo kazi ndogo kwangu, nimeshafungulia watoto wengi. Sasa hivi utapata ujumbe wenye tarakimu sita. Nitumie hizo tarakimu, basi picha zako zimerudi."

"Kweli?" aliandika Chiriku.

"Kweli kabisa. Ila usimwambie mama. Watu wazima huogopa bure."

Ujumbe ukaingia. Chiriku aliusoma haraka, akitafuta tarakimu tu, halafu akaanza kuzinakili. Nne. Saba. Moja.

"Haraka," yule mtu aliandika. "Muda unakwisha."

Tisa. Mbili. Ilibaki moja.

Hapo simu ikalia mkononi mwake. Nusura aidondoshe.

"Mkunga!" Sauti ya mwanamume ilikuwa imejaa hofu. "Mke wangu uchungu umemshika, chupa ya uzazi imeshapasuka, naomba uje, naomba uje sasa hivi!"

"Subiri, baba, nampa mama."

Alikimbia uani. Mama aliweka simu sikioni, akauliza maswali matatu kwa utulivu, na papo hapo alikuwa ameshavaa viatu na kushika begi lake la kazi. Chiriku alisimama mlangoni. Hapo ndipo maneno ya ule ujumbe, yale aliyoyaruka, yalipomrudia kichwani: "Umeomba namba hii ihamishiwe kwenye simu nyingine. Usimpe mtu yeyote tarakimu hizi."

Ihamishiwe. Kama angeandika tarakimu moja zaidi, yule baba angepiga simu, nayo ingelia mkononi mwa mtu asiyejulikana.

Angeweza kunyamaza. Mama alikuwa na haraka, hakuwa ameona kitu. Lakini simu ilikuwa inaingia begini, na yule mtu alikuwa bado anaandika.

"Mama, ngoja! Kuna mtu anataka kuichukua namba yako. Nilikuwa nampa mimi."

Mama aligeuka. "Umeshampa?"

"Bado. Nimeandika tarakimu tano. Sijatuma."

Mama alitoa simu, akatazama, akayafuta yote na kumfungia yule mtu asiweze kuandika tena. Uso wake haukuonyesha kitu. Chiriku angeona afadhali agombezwe.

"Kuna mama anajifungua," alisema. "Kaa hapa. Nikirudi utaniambia yote, tangu mwanzo, bila kuruka hata neno."

Aliondoka. Saa tano, saa sita, saa saba. Chiriku alifagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Jirani alimsalimia kutoka ng'ambo ya ukuta, akashangaa kujibiwa kwa neno moja. Alimwaza yule mwanamke asiyemjua, akawaza kama mama aliwahi, akawaza dakika ngapi alizipoteza mlangoni kumsikiliza yeye.

Saa tisa mama alirudi, mgongo umepinda kwa uchovu. "Mtoto wa kike," alisema. "Wote wawili salama. Haya, sema."

Chiriku akasema. Akausema mwaka wa uongo, na "zimeingia", na "ziko tayari, mwalimu." Alipofika kwenye kitambulisho, mama aliinua kichwa.

"Mkoba wangu uliufungua?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mama aliuvuta mkoba wake, akaufunga. Kisha akasema, "Msamaha utaupata. Lakini kwanza tuzime moto, majivu tutazoa baadaye. Nionyeshe huo ukurasa."

Walisoma pamoja, polepole, mpaka chini kabisa, mahali ambapo Chiriku hakuwa amefika. Hapo palikuwa na mstari mdogo: "Kama wewe ni mzazi au mlezi, tuandikie hapa." Mama aliandika kwa kidole kimoja: "Mimi ni mama wa mwenye akaunti. Ana miaka kumi na miwili. Alidanganya umri wake, na jana alituma kitambulisho changu bila ruhusa yangu; naomba mkifute. Hatuombi kurudishiwa akaunti. Tunaomba picha za maji alizozipiga, kwa sababu watoto wa hapa wanaumwa."

"Bonyeza mwenyewe," alisema. Chiriku akabonyeza. Kisha mama alipiga simu kwenye kampuni ya simu, akaomba namba yake iwekewe ulinzi. Alipomaliza alisimama tena na kuvaa viatu.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Kwa mwalimu wako."

Mwalimu aliwapokea barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Chiriku. "Ulinitazama machoni ukaniambia ziko tayari."

"Ndiyo, mwalimu. Hazikuwa tayari."

"Daftari la mahudhurio lina majina ya waliokosa shule kila wiki, na sababu zao," alisema mwalimu baada ya kufikiri. "Hilo tunalo. Lakini rangi ya maji haina shahidi. Kesho njoo na Miwani, mnakili kinachonakilika."

Jumapili walinakili mpaka vidole vikauma. Miwani hakumsemesha mpaka ukurasa wa mwisho. "Jana jioni ningesema," alisema. "Umeniwahi kidogo tu."

Majibu ya mtandao hayakuja. Wala Jumatatu asubuhi hayakuja. Bwana afya alifika, mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, akaketi mbele. Miwani alieleza vizuri, lakini bila picha maelezo yalikuwa kama shati lisilo na vifungo. Bwana afya alikuwa ameanza kutazama saa yake.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama, akiwa na sare yake ya kazi, simu mkononi. "Samahani, mwalimu. Yamefika sasa hivi." Akaunti itafutwa kwa sababu mwenyewe hajafikisha umri, ujumbe ulisema, na kitambulisho kimefutwa, lakini picha na maelezo yake mzazi anaweza kuzichukua, leo tu.

Mwalimu alizipakua kwenye kompyuta ya shule, akaigeuza watu waone. Chupa tatu ukutani, wiki ya kwanza, zote safi. Wiki ya nne, chupa ya tatu ilikuwa na ukungu. Wiki ya tisa ilikuwa na rangi ya kutu.

"Nzuri," alisema bwana afya. "Lakini nitajuaje kama tarehe hizi ni za kweli? Na kwa nini picha zimechelewa hivi?"

Mwalimu alimtazama Chiriku.

Chiriku alisimama. "Zimechelewa kwa sababu yangu, bwana. Nilidanganya umri nilipofungua akaunti, wakaifunga. Umri nilidanganya. Tarehe sikudanganya. Daftari la mahudhurio liko hapo, sikuliandika mimi. Naomba ulinganishe."

Bwana afya alivuta daftari. Alilinganisha wiki kwa wiki, kidole kikishuka taratibu. Wiki ya nne, watoto watatu. Wiki ya saba, wanane. Wiki ya tisa, kumi na mmoja.

Alifunga daftari na kusimama. "Nipelekeni kwenye hilo bomba."

Hawakuchimba sana. Mpira ulikuwa umepasuka palepale ulipopita mtaroni, ufa wa urefu wa kiganja, na maji machafu yalikuwa yanaingia. Bwana afya alilifunga bomba siku hiyohiyo. Baada ya wiki mbili mafundi walitandika mpira mpya mbali na mtaro, na mwezi uliofuata safu ya waliokosa shule kwa kuumwa tumbo ilikuwa na jina moja tu, tena la mtu aliyekula maembe mabichi.

Jioni ya Jumatatu ile, Chiriku na mama yake walirudi nyumbani kwa miguu.

"Mama, kumbe ule uongo wa kwanza ulikuwa mdogo tu."

"Ulikuwa mdogo, mwanangu, lakini haukukaa peke yake. Uliita wa pili uje uulinde, wa pili ukaita wa tatu, mpaka ukafika kwenye mkoba wangu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huko inakoishia anaweza kuwapo mtu mwingine, kama yule mama wa Jumamosi." Alimshika bega. "Na lile sharti la umri si la kukunyima raha. Mtandaoni wako watu wanaowinda watoto, umewaona mwenyewe. Mtu yeyote akikuambia 'usimwambie mama', habari zake ndizo za kwanza kuniletea."

"Nimesikia, mama." Walitembea hatua chache. "Na nikifikisha miaka kumi na mitatu, nitafungua nyingine?"

"Tutafungua. Mwaka utauandika wewe, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni yako."

"Kunichunga?"

"Kukuchunga," alisema mama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Kwani ulidhani nini?"