Boya Lilisema Alfajiri

Masika ya mwaka 1995, mikono miwili ilishika koti moja la mvua kwenye rundo la mitumba Tandika. Mmoja ulikuwa wa Nassibu, mvuvi wa Mbezi Beach, shati limefunguliwa vifungo viwili makusudi. Wa pili ulikuwa wa Arwa, binti wa mwenye duka Kinondoni, buibui jeusi, udi unanukia mpaka muuza viatu akageuka.

"Sista, hili koti la kiume."

"Baharini koti halina mwanamume, braza. Achia!"

"Baharini? Wewe unavua nini?"

"Navua habari."

Arwa alifanya kazi kwenye mradi wa utafiti. Walikuwa wameweka boya nje ya Mbezi, lina vipimo vya joto, chumvi na mtikisiko wa maji, na kila kipimo liliandika na saa yake. Nassibu akaachia koti, akaondoka na namba ya simu ya ofisi.

Simu hiyo haikupumua tena.

"Haloo, mpenzi. Mwenzangu huko majini hajambo?"

"Hajambo. Anasema maji yamepata joto."

"Mwambie ni mie nimepata joto."

Jumapili moja ya Januari, saa tatu kasorobo asubuhi, mjomba wake Nassibu alipeleka barua ya posa Kinondoni. Mchumba hutakiwa kubaki kwao, lakini Nassibu alisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka lao, na kanzu mpya. Arwa akamwona dirishani, akacheka peke yake.

Asubuhi hiyohiyo mtu alipiga baruti kwenye matumbawe ya Mbezi, vifaranga vya samaki vikaelea matumbo juu. Kesho yake Arwa akasoma kumbukumbu za boya: mtikisiko mkubwa, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Mkuu wa mradi akauliza nani alikuwa majini saa hiyo. Arwa alijua, maana Nassibu mwenyewe alimwambia kuwa alfajiri alikwenda kutoa nyavu, peke yake. Akataja jina. Akasaini taarifa kwa polisi.

Hakumpigia simu kumuuliza. Hapo ndipo ninapomkasirikia mimi, na sitaki kubembelezwa. Mashine iliulizwa, mtu hakuulizwa.

Nassibu alilala mahabusu siku nne, na injini ya mashua yake ikazuiliwa. Mzee Hilal, babake Arwa, akamrudishia mjomba barua ya posa mbele ya majirani.

Wiki ya pili Arwa alikwenda kubadilisha betri za boya. Akatazama saa yake ya mkononi, akatazama ya boya. Ya boya ilikuwa nyuma kwa saa tatu kamili. Fundi aliyelileta kutoka Uingereza aliiacha kwenye saa za kwao. Kumbe baruti ililipuka saa tatu kasorobo, Nassibu akiwa amesimama mbele ya duka, naye Arwa anamtazama! Alilia kwa hasira, na hasira zote zilikuwa za kujikasirikia mwenyewe.

"Tutarekebisha kimyakimya," mkuu akasema. "Wafadhili wasisikie."

"Mtu kafungwa pingu hadharani, asafishwe kimyakimya? Nifukuze kazi, lakini barua ya polisi unaandika leo!"

Barua ilipofika polisi, Arwa akaenda ufukweni. Mnada wa samaki ulikuwa umepamba moto.

"Nassibu hakupiga baruti!" akapaza sauti. "Mie ndiye niliyemtaja, na nilikosea."

Nassibu, aliyekuwa akibeba matenga ya wenzake, akalitua alilokuwa nalo.

"Umemaliza?"

"Bado. Nisamehe."

"Ungeniuliza, Arwa! Neno moja tu, kwenye simu ileile!"

"Najua."

"Hujui! Mjomba hatoki nje kwa aibu. Na mie kule ndani nawaambia watu, Arwa akijua atakuja. Kumbe ni wewe!"

Machozi yalimshuka Arwa, hakuyafuta.

"Basi ndiyo unaniacha?"

"Nani kasema nakuacha? Nina hasira, sijasema sikupendi." Akapumua kwa nguvu. "Jumapili nakuja kwenu. Mjomba simtumi tena, nakuja mwenyewe. Ila wewe utamwambia baba yako kwanza. Ulivyotaja jina langu kule, litaje na pale."

Arwa hakusubiri Jumapili. Jioni hiyo alimkuta baba yake akipima sukari.

"Shikamoo, baba. Weka mizani chini. Tumemkosea Nassibu, na huyo ndiye ninayemtaka."