Plastiki Iliyokataa Kusinyaa

Jumanne, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mayowe yalisikika katika karakana ya Mehjabin mjini Geita. Hosiana, fundi wa mashine ya leza, alikuwa ameanguka kando ya mashine yake, mkono umenyooshwa kuelekea swichi. Wema, mfanyakazi mwenzake, alimburuta hadi uani. Bajaji ikamkimbiza hospitali.

Inspekta Scolastika alifika saa nne na robo. Madirisha yalikuwa wazi, lakini hewa bado ilichoma koo. Ilinuka kama dawa ya kutakatishia maji. Kwenye mashine kulikuwa na karatasi nyeupe ya plastiki iliyokatwa nusu, kingo zake zimeungua zikawa kahawia.

"Mlikuwa mnakata nini, Mama Sameer?" alimuuliza Mehjabin.

"Vishikizo vya funguo, afande. Ni plastiki ya kusinyaa. Ukiitia kwenye oveni inakuwa ndogo na nene. Haina madhara, ilimradi feni ivute moshi na mtu asiiache mashine peke yake."

"Nani alimkuta?"

"Wema. Nilikuwa dukani, nikamwona kupitia dirisha. Alikuwa bombani akilowesha mtandio. Akaufunga puani, akafungua mlango, ndipo akapiga kelele."

Scolastika aliandika, kisha akaokota vipande viwili: kimoja kutoka kwenye mashine, kingine kwenye boksi la kazi za juzi. Akavitia vyote kwenye oveni ndogo ya karakana. Cha juzi kilijikunja, kikatulia, kikawa kidogo na kinene. Cha leo kililegea tu kama ulimi.

Akatoka nacho uani. Akachoma waya wa shaba hadi ukawa mwekundu, akaugusisha kwenye plastiki, akaurudisha motoni. Mwali ukawa wa kijani. "Ina klorini," alisema.

Mehjabin alikitazama kile kipande. "Hiyo ni PVC, plastiki ya mabango! Waliotuuzia mashine walitukataza kabisa. Ikipigwa na leza inatoa gesi ya sumu, na gesi hiyo inakula mashine pia."

"Nani hapa ana PVC?"

Mehjabin alielekeza kidole jirani, kwa Kalisti, mchoraji wa mabango. Wiki iliyopita, mbele za watu, Kalisti alisema mashine hiyo itamtoa mtu roho.

Kalisti alikutwa akifungasha brashi zake mkobani.

"Unakwenda wapi?"

"Runzewe, afande. Nina kazi huko."

"Leo hii?"

"Nimesikia watu wananitaja! Nilisema kwa hasira tu. Ile mashine ilininyang'anya wateja."

Karatasi zilizoegemezwa ukutani kwake zilikuwa nyeupe, unene uleule. Scolastika alizitazama, akamtazama yeye.

"Funguo za karakana unazo?"

"Sina. Hata kuingia siingii."

"Basi karatasi zako zilifikaje mle?"

Kalisti aliweka mkoba chini. "Jumapili Wema aliniomba mbili. Alisema ni za kuzibia banda la kuku."

Saa sita kasoro robo, Scolastika aliwakutanisha wote uani. Wema alikuwa hatulii. Anakaa, anainuka, anachungulia barabarani.

"Wema, ulijuaje kuna hatari?"

"Nilifungua mlango nikamwona, nikasikia harufu."

"Hapana. Ulikwenda bombani kwanza. Mlango ungali umefungwa, ulishajua kilichomo."

Wema alirudi nyuma hatua moja.

"Kuku mnao nyumbani?"

"Hatuna." Akaanza kulia. "Afande, sikutaka mtu aumie. Mayu, mama yangu, alikata plastiki kwa mkasi hapa miaka sita. Ilipokuja mashine, wakataji wote watano waliondolewa, nikabakizwa mimi tu. Tangu hapo mama anakaa tu mlangoni, hasemi. Niliweka zile karatasi ili mashine ioze, wamwite tena. Feni ilikuwa inanguruma, nilijua moshi wote unatoka nje. Nilipomsikia anakohoa..."

"Moshi haukutoka," Scolastika alisema. "Nimezunguka nyuma. Bomba la feni limechomoka ukutani, moshi unarudi ndani. Vumbi lililoganda pale si la leo."

Mehjabin aliinamisha kichwa. "Niliona Ijumaa. Nilitaka oda iishe kwanza. Sikumwambia Hosiana."

"Basi funga duka. Na wewe unakwenda kuandika maelezo."

Simu ya Scolastika ikaita. Alisikiliza, akashukuru, akaiweka mfukoni. Wote walimkodolea macho.

"Amezinduka. Mapafu yameungua, lakini ataishi." Akamgeukia Wema. "Muuguzi anasema neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama wewe ulitoka salama."

Wema akaketi chini, palepale kwenye vumbi. Askari wawili walilazimika kumnyanyua.