Gari Lililonyamazishwa

Mpira wa rejeta ulipasuka kwenye kona ya msituni baada ya Mbau, mvuke ukafunika kioo chote. Sikuli akasimamisha gari kando ya barabara. Nyuma, binti yake Abigaïl alishika kiti kwa mikono miwili. Uchungu ulimwanza tangu asubuhi, mtoto amekaa vibaya, na muuguzi wa Mbau alisema afikishwe hospitali ya Beni leo leo, la sivyo mama na mtoto watakufa wote wawili.

Abigaïl alimnyooshea baba yake chupa ya maji. Sikuli alikataa.

"Ile ni yako. Ya gari nitaitafuta."

Gari lilimzidi Abigaïl umri. Ndilo lililompeleka mama yake kumzaa. Majirani walisema la kuvunda halina ubani, lakini Sikuli alilibadilishia klachi, springi, hata milango, akabaki nalo. Bomba la moshi tu ndilo hakuligusa. Lilitoboka zamani, likanguruma mpaka kwaya ya kanisa ikapotewa na sauti, na wazee wa kanisa wakamsema wee. Juma lililopita aliona haya, akaenda Butembo kwa fundi Zorobabel, akafungiwa jipya. Gari likanyamaza, na mwenyewe akarudi kifua mbele.

Sasa aliufunga mpira uliopasuka kwa ukanda wa chubu kuukuu ya tairi, akachukua bidoni, dumu lake la maji, akateremka kijitoni. Ndege walikuwa kimya. Kwenye matope aliona alama za mabuti, nyingi, maji bado yakijaa ndani yake. Waasi walikuwa wamepita hapo sasa hivi. Alijaza bidoni akapanda mbio, na alipokuwa akimimina maji kwenye rejeta, risasi zikalia upande wa Beni.

Hapo ndipo alipokumbuka kizuizi cha askari kilichokuwa mbele, na giza lilikuwa linaingia. Jua likishazama, na risasi zimelia, askari hawangoji kuona sura ya mtu. Miaka yote walimtambua kwa ile ngurumo, wakainua mti kabla hajafika. Leo angewatokea kimya kama mwizi.

Akaingia chini ya gari na nyundo. Bomba la moto likamchuna ngozi ya kiganja, lakini hakuacha kupiga.

"Papa, unavunja nini?"

"Ile ya Butembo. Basoda ba kizuizi habajue gari ya kunyamaza."

Bomba likaanguka barabarani. Alipowasha, msitu mzima ulisikia, na hao wenye mabuti pia. Akakanyaga mafuta, akimwomba Mungu kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia.

Kizuizini bunduki zilikuwa zimeelekezwa barabarani. Kisha mti ukainuka polepole. Omer, askari aliyeletwa huku kutoka Kisangani, alisogea dirishani, kidole bado kwenye bunduki, uso umemlowa jasho.

"Nilisikia makelele yako, Papa. Kama ungekuya kimya, tungepiga."

Abigaïl alijifungua huko Beni, mtoto wa kike, mzima.

Siku ya kumpeleka mtoto kanisani, ngurumo ilisikika tangu mbali. Kwaya ikakatiza wimbo, ikangoja mpaka gari lizimwe, na safari hii hakuna mzee aliyemsema Sikuli.