Jina Aliloliacha Nusaiba

Walijuana kwa ugomvi, katikati ya umati wa kituo cha mabasi cha Mbezi Luis, siku Nusaiba, msimamizi wa zamu, alipomwandikia Faraji kosa la kuchelewesha basi dakika nne.

"Dakika zote nne nilikuwa nakuangalia wewe, bosi," dereva yule akajitetea, shati jeupe limenyooka, meno yote nje. Mtu gani huyo! Nusaiba alicheka mpaka kalamu ikamponyoka.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili, na Jumamosi wajomba wa Faraji wangepeleka posa kwao Nusaiba, Mtoni. Kazini hawakuwa wamemwambia mtu.

Ndiyo maana kampuni ilipobadilisha uongozi, ikamtaka apendekeze madereva ishirini wa kujifunza mabasi mapya ya umeme, Nusaiba aliliacha jina la Faraji. Watu wangesema kampendelea. Atakwenda awamu ya pili, kwani kuna haraka gani?

Alhamisi asubuhi meneja mpya akamwita.

"Awamu ya pili haipo. Ambao hawamo, mikataba yao inaishia mwezi huu. Wasomee majina saa nne."

"Nibadilishe moja tu, bosi."

"Huko juu wameshasaini. Kazi yako kusoma."

Akatoka na orodha mkononi. Simu ikaita.

"Mama watoto!" Ilikuwa sauti ya Faraji. "Mama yuko dukani, anauliza gauni lako liwe la kijani au la dhahabu?"

"Lolote," akasema, akakata.

Saa nne akasoma. Mzee Petro, dereva wa siku nyingi, aliwatukana wakubwa waziwazi. Hakuna aliyemwangalia Nusaiba kwa ubaya, na hilo ndilo lililomtisha.

Faraji alimfuata ofisini, akafunga mlango, akamkumbatia.

"Usilie, mpenzi. Wamekutumia mdomo tu hao. Ingekuwa wewe, ungeniweka."

Angenyamaza tu, Jumamosi ingefika salama. Jamani, alitamani kunyamaza!

"Orodha niliandika mie, Faraji. Nilikuacha. Niliogopa maneno."

Mikono ikamwachia taratibu.

"Maneno ya nani?"

Nusaiba akamtafuta kichwani mtu mmoja, mmoja tu, aliyewahi kuwasema. Hakumpata.

"Hata mmoja, msimamizi?" Faraji akauliza, akaufungua mlango.